Njiwa Yupi Hula Mbegu Shambani?

Si kila njiwa anayetua kando ya shamba Kilifi amefuata mbegu. Ninga, yule wa kijani, hushinda juu ya mikuyu akila matunda. Ni nadra kumwona chini. Pugi, mdogo mwenye madoa ya kijani yanayometa mbawani, huokota vijimbegu vya nyasi vichakani. Anayeingia shambani hasa ni hua, mwenye ukosi mweusi shingoni. Hata yeye hana mazoea ya kufukua, huokota punje zilizobaki juu ya udongo.

Kwa hivyo wakulima wanaombwa kufukia mahindi sentimita 5 hivi na kuokota yaliyomwagika, hasa mbegu za dukani zilizopakwa dawa.

Kumwaga punje zenye sumu ni hatari kubwa zaidi. Kuku wa nyumbani huzila hizo hizo. Hua aliyekufa huliwa na mbwa au mwewe, na watoto humwokota wakamchoma, ilhali moto hauondoi sumu. Aliyekula apelekwe zahanati mara moja, pamoja na pakiti ya dawa iliyotumika, ili mhudumu ajue anatibu nini.