Glavu Isiyo na Tundu

Mtu aonaye kwamba glavu yake ya mpira haipitishi maji hudhani kwamba haipitishi kitu chochote. Dhana hiyo imewadhuru hata wataalamu.

Mwezi wa Agosti 1996, huko Marekani, Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth alikuwa akishughulika na dimethili-zebaki, dawa ya majimaji yenye sumu kali mno. Matone machache yaliidondokea glavu yake. Glavu haikutoboka wala kuchanika, naye alikuwa amefuata kanuni zilizojulikana wakati ule. Baada ya miezi mitano hivi alianza kupepesuka na kusema kwa shida, na mwezi wa Juni 1997 alifariki, mwenye umri wa miaka 48. Glavu za namna ile zilipopimwa, ilionekana kwamba sumu ile huzipenya kwa sekunde 15 au hata chini yake.

Je, hupenyaje pasipo tundu? Tazama puto la mtoto. Jioni limejaa, asubuhi limenywea, ingawa mdomo wake umefungwa barabara: hewa imepita katika mpira wenyewe. Ndivyo zifanyavyo dawa nyingi. Chembe zake huingia katika mpira upande wa nje, hujipenyeza polepole, kisha hutokea upande wa ndani penye ngozi, na mvaaji asione dalili yoyote.

Tangu mwanzo jambo hili lingaliweza kutambuliwa. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hati ya kutengeneza kitambaa kisichopitisha mvua, kwa kuyeyusha mpira katika nafta na kuupaka kati ya nguo mbili. Basi, ikiwa nafta huyeyusha mpira, mpira utaizuiaje nafta? Ndiyo sababu wanakemia wa Marekani waliotengeneza neoprini mwaka 1930 walisifiwa sana, kwa kuwa mpira huo wa kutengenezwa hustahimili mafuta kuliko ule wa mti. Baadaye zikaja glavu za tabaka nyembamba za plastiki zilizogandamizwa pamoja, kila tabaka ikizuia kile ambacho nyingine hupitisha. Hizo huzuia dawa nyingi mno, lakini ni ngumu mkononi tena hutia jasho; kwa hiyo wengine huvaa glavu nene juu yake.

Ili kupima, kipande cha kitambaa hubanwa kati ya vyumba viwili vidogo. Dawa hutiwa katika kimoja, na dakika huhesabiwa mpaka itambuliwe katika cha pili. Kitambaa kimoja huweza kuizuia asidi saa nyingi, lakini kikashindwa upesi na petroli.

Kwa mwenye kunyunyizia mibuni dawa, ovaroli ya pamba hufaa kwa matone machache tu. Ikilowa, huishikilia dawa juu ya ngozi, hivyo huvuliwa papo hapo na kufuliwa mbali na nguo za nyumbani. Viatu vya ngozi hunywa dawa, wala haitoki kwa kuoshwa. Buti za mpira ndizo zifaazo, na suruali huachwa nje ya buti ili dawa isitiririke ndani.