Usivalishe "Zamani", Valisha Mwaka: Mbinu za Mavazi na Nywele katika Tamthilia

Unatayarisha tamthilia ya Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam ya enzi za mababu. Hadithi ipo, waigizaji wamepatikana, bajeti ni ya kubana. Mavazi na nywele umekabidhiwa wewe. Kazi hii inawezekana hata kwa fedha kidogo, mradi uifuate kwa mpangilio. Hizi hapa mbinu.

1. Chagua mwaka

"Zamani" si tarehe. Zanzibar ya 1885, ya 1928 na ya 1960 zilivaa tofauti kabisa. Mbane mwandishi wa hadithi akutajie mwaka wa tukio la kwanza na wa tukio la mwisho. Uandike juu ya kila ukurasa wa daftari lako. Kisha kila kitakachopanda mwilini mwa mwigizaji kiulize swali moja: mwaka huu kilikuwa kimeshafika pwani? Usipopata jibu, kiache.

2. Mjue mtu kabla ya nguo

Pwani ya karne ya 19, nguo ilitangaza hadhi ya mtu kabla hajafungua mdomo. Mtumwa wa shamba alivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi. Kofia, kilemba na viatu vilikuwa alama za waungwana. Mwarabu mwenye cheo alivaa joho, na jambia kiunoni. Wanawake wa jamaa ya Sultani walivaa barakoa usoni.

Kwa hiyo ukimpa mtumwa wa 1885 kofia na makubadhi, umeivuruga hadithi yenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Baada ya hapo, watu waliokuwa wamenyimwa nguo hizo walianza kuzivaa kwa fahari. Tumia mabadiliko hayo. Mhusika akivaa kofia kwa mara ya kwanza, mtazamaji aone kwamba maisha yake yamegeuka.

3. Kuwa makini na kanga

Kanga ndiyo inayochongea tamthilia nyingi. Ilienea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, lakini za mwanzo hazikuwa na maandishi. Jina, yaani maneno ya kanga, lilianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa hiyo hupewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini.

Basi tukio la 1885 halitaki kanga yenye jina. Huna isiyo na jina? Kunja sehemu hiyo kwa ndani, umwambie fundi aishike kwa uzi. Kanga zenye bendera, picha za viongozi au methali zilizotoka juzi, ziache kabatini.

4. Buibui si abaya

Buibui lilienea Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Usilipeleke kwenye baraza la Sultani Barghash, aliyefariki 1888. Na lile la kale halikufanana na abaya ya leo yenye vito na mikono iliyopambwa. Lilikuwa kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa na kufungwa kichwani kwa kamba, mwanamke akikishika na kujifunika nacho. Tafuta bibi aliyelivaa, amfundishe mwigizaji wako kulishika na kutembea nalo. Buibui likivaliwa na asiyelijua, mwendo wake utamsaliti.

5. Usichanganye askari

Askari wa Wajerumani alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, kitambaa cha kukinga shingo na nembo ya tai mbele. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902, alikuwa na sare yake. Kabla ya kukodi sare, soma hadithi uone ni serikali gani inatawala.

6. Nywele zipe muda kuliko nguo

Runinga hupiga uso kwa karibu, hivyo kosa la kichwani huonekana mapema kuliko la miguuni. Mpe msusi wako muda wa kutosha.

Kwa wanawake, anza na nywele zao wenyewe. Twende kilioni, mabutu na misuko ya uzi vitakutosheleza kwa matukio mengi. Rasta za dukani ziache: nyuzi za Kanekalon zilianza kutengenezwa 1957, kwa hiyo hazina nafasi kwenye hadithi ya 1910. Futa pia ile mistari ya nywele iliyolazwa kwa jeli pembeni mwa paji.

Kwa wanaume, hadithi nyingi za pwani zinataka kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Mtindo wa kupunguza pembeni kwa mashine hadi ngozi ionekane, na mistari yake, ni wa leo. Waambie waigizaji mapema, wasiende kinyozi siku moja kabla ya kurekodi.

Kwa Dar es Salaam ya mwisho wa miaka ya 1960, mambo yanageuka. Hapo mawigi na sketi fupi ni sahihi kabisa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa vita. Binti yule yule, wigi lile lile: 1967 anapita barabarani akitamba, 1969 anapita akiangalia nyuma. Mwonyeshe mwongozaji tofauti hiyo, atakushukuru.

7. Safisha uso na mikono

Kope za bandia, kucha za bandia, nyusi za kuchora na vyuma vya meno havimo kwenye hadithi yako. Viandike kwenye mkataba wa mwigizaji kabla hajasaini. Wanja na hina vinafaa. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Ile nyeusi tititi mara nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele, na inaweza kuunguza ngozi. Usimpake mtu.

8. Soma picha za wakati ule kwa akili

Picha ndiyo shahidi wako mkubwa. Nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, Makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipiga picha za watu wa mji kwa miongo mingi. Mtandaoni, mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960.

Lakini usiamini kila kitu. Watu walikwenda studio na nguo za sikukuu, na baadhi ya kadi za posta zilipangwa na mpiga picha mwenyewe. Rangi nazo hudanganya. Filamu za mwanzo hazikuiona nyekundu: ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka karibu nyeupe. Pindo unaloliona jeusi huenda lilikuwa jekundu. Linganisha picha kadhaa za mwaka mmoja kabla ya kuamua.

9. Waulize wazee kwa picha mkononi

Kwa hadithi ya miaka ya 1950 au 1960, mashahidi bado wapo. Usiulize "mlikuwa mnavaaje?" Utajibiwa "tulivaa vizuri." Shika picha uulize: nguo hii ni ya sokoni au ya harusini? Inafungwa vipi? Chini yake kulikuwa na nini? Viatu gani? Tazama pia *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya 2021 kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Simamisha picha mara kwa mara, uangalie vichwa na miguu.

10. Mwelekeze fundi, kisha chakaza nguo

Mwambie fundi cherehani asiweke zipu kwenye nguo za kabla ya miaka ya 1930, wala ovaloki mahali kamera itakapoona. Tumia vifungo, kamba na pindo la mkono. Kofia ya mhusika mkuu iwe ya viua vilivyoshonwa kwa mkono. Ya mashine hujulikana mara moja kamera ikikaribia.

Nguo mpya humfichua mtu. Weupe wa dukani una dawa ya kung'arisha, kwa hiyo loweka vitambaa kwenye chai ya rangi. Fua, anika juani, rudia. Sugua magoti, viwiko na shingo kwa msasa. Mtu wa shamba hakuwa na nguo iliyonyooka, ila tajiri alipigiwa pasi ya mkaa.

11. Bajeti iweke mbele ya kamera

Huwezi kumvalisha kila mtu sawasawa. Wekeza kwa wahusika watakaopigwa karibu. Wa nyuma wape pamba nyeupe isiyo na chapa na kaniki. Ni rahisi kupatikana, na kwa hadithi nyingi za karne ya 19 ndizo hasa zilizovaliwa na watu wengi.

12. Kagua kabla ya kurekodi

Piga kila mwigizaji picha kwa simu, kichwa hadi kidole. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, iweke kando ya picha ya zamani. Macho yako yatakwenda kwenye kosa. Angalia hasa saa ya mkononi, miwani, alama za tatuu, na kandambili za mpira, ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili.

Ukishafanya hayo, simama imara mbele ya mtu atakayekuambia "watazamaji hawatagundua." Watagundua. Na wale wasiogundua ni hatari zaidi, kwa sababu wataamini ulichowaonyesha. Watoto wengi watawaona mababu zao kwa mara ya kwanza kupitia kazi yako. Wavalishe kama walivyovaa.