Jirani Akishikwa, Wakili Afike Kabla ya "Ndiyo"



Masomo yetu mengi huwa ni ya kuku, matangi ya maji na jinsi ya kuweka hesabu za chama. Somo la leo ni geni kidogo. Linahusu mawakili wanaowatetea wageni ambao serikali inataka kuwarudisha kwao, na jinsi mawakili hao wanavyofunzwa na kusaidiwa. Tumelileta kwa sababu hapa Mowlem lilitufikia mlangoni, na ninyi mlio Busia, Namanga au Taveta huenda limewafikia kabla yetu.

Tuanze na yule tuliyempoteza. Alikuwa kijana Mrundi, aliyetoroka kwao wakati wa vurugu za mwaka 2015, akitembeza njugu karanga kutoka hapa Mowlem mpaka Umoja. Alishikwa Ijumaa jioni. Sisi tulipata habari Jumapili, tukasema tutaenda Jumanne, maana Jumatatu ilikuwa siku ya mkutano wa kikundi. Jumatatu hiyo asubuhi alisomewa shtaka la kuwa Kenya kinyume cha sheria, naye akakubali. Mtu mmoja wa seli alikuwa amemwambia akikubali atatozwa kitu kidogo aende zake. Hakujua kwamba Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tulipofika Jumanne alikuwa ameshahukumiwa. Baada ya kifungo hakurudi kwenye ploti, alipelekwa mpakani. Simu yake haijaita tena.

Kesi yenyewe ina milango miwili

Watu wengi hufikiri mgeni hufukuzwa na polisi tu. Si hivyo. Mlango wa kwanza ni kwa hakimu, kama kesi nyingine yoyote ya jinai. Mlango wa pili ni amri ya Waziri ya kumwondoa mtu nchini. Sheria hiyo ya 2011 inampa Waziri uwezo wa kutoa amri hiyo kwa mtu ambaye kuwepo kwake nchini si halali, au ambaye mahakama imependekeza aondolewe. Sasa mnaona: yule anayesema "ndiyo" kwenye mlango wa kwanza amefungua na ule wa pili kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kuna ngao. Kenya imekubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Pia tuna Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Zote zinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Katiba yetu ya 2010 nayo haibagui: Kifungu cha 49 kinasema kila aliyeshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuongea na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo. Ngao zipo, ila hazijiinui zenyewe. Ni lazima mtu asimame aseme, "Mheshimiwa, huyu ni mkimbizi."

Mama wa cherehani

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya mwanachama wetu, mama mshonaji kutoka Kivu Kusini. Safari hii hatukungoja. Mweka hazina alipiga simu Jumamosi kwa msaidizi wa sheria wa mtaani, naye akampata wakili wa kujitolea. Hata hivyo wakili alichelewa kwa ajili ya jam, na alipoingia mama alikuwa ameshajibu. Aliulizwa kama ni kweli, akasema "ndiyo". Karani akaandika amekiri.

Hapo ndipo tulipoona faida ya wakili aliyefunzwa. Alisimama kabla maelezo ya kesi hayajasomwa. Akaeleza kwamba mama huyu anaongea Kiswahili cha Kongo, ambacho si sawa na cha hapa, na kwamba lugha yake hasa ni Kibembe. Alichokubali ni kwamba ametoka Kongo. Kisha akaitaja kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, ambayo wakili yeyote wa jinai anapaswa kuijua. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema humo kwamba shtaka lazima lielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, na kwamba akiongeza maneno yanayoonyesha hakukusudia kukiri, iandikwe amekana. Mkalimani akatafutwa, shtaka likasomwa upya, mama akakana. Mwenyekiti wetu akawa mdhamini.

Lakini tuungame kosa letu. Kabla wakili hajafika, baadhi yetu tulimshauri mama aseme yeye ni mtu wa Busia. Tulidhani tunamsaidia. Wakili alituita pembeni akatuambia waziwazi kwamba hawezi kuipeleka kortini habari anayojua ni ya uongo. Alisema pia kuwa uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli wa jinsi alivyokimbia hautasadikiwa tena. Ombi la ukimbizi linasimama juu ya neno la mtu mwenyewe. Ukilitia doa, limekwisha.

Kilichomwokoa mwishowe ni karatasi. Mama alikuwa amejiandikisha kuomba hifadhi, na kopi ilikuwa ndani ya sanduku la chama pamoja na vitabu vya akiba. Ofisi ya wakimbizi ilithibitisha usajili wake, na mashtaka yakaondolewa. Ombi lenyewe bado halijaamuliwa. Akisikia gari likisimama nje usiku, huamka akaketi kitandani.

Wakili anafunzwa nini?

Kijana akitoka chuo kikuu huenda Shule ya Sheria ya Kenya kule Karen, ambako masomo ya lazima ni 9: kesi za madai, za jinai, mirathi, uhamisho wa ardhi na mengineyo. Hakuna lililotengwa kwa ajili ya wakimbizi. Kwa hiyo wakili anaweza kuwa hodari wa mashamba na asijue pa kuanzia na mama wa Kivu. Pengo hilo hujazwa na mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na Refugee Consortium of Kenya, lililoanzishwa mwaka 1998. Huwafunza mawakili wa kujitolea, wasaidizi wa sheria, na hata polisi na mahakimu. Kila wakili pia hutakiwa apate pointi 5 za mafunzo kila mwaka ili aendelee na kazi, na wengine huzitafuta kwenye mafunzo kama haya. Sisi hatuoni ubaya. Hata aliyekuja kwa ajili ya pointi anaweza kuondoka na moyo.

Vifungu vya sheria ni sehemu ndogo. Kazi ngumu ni kusikiliza. Mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa hasimulii kwa mpangilio. Hurukaruka, husahau tarehe, hunyamaza panapouma. Wakili asiyefunzwa humwona mwongo. Aliyefunzwa hujua kuuliza kupitia misimu na mambo ya nyumbani: ilikuwa wakati wa kuvuna? Mtoto wa pili alikuwa ameanza kutembea? Hufunzwa pia kutomtumia mtoto wala mume kuwa mkalimani, kwa sababu kuna mambo mwanamke hawezi kuyasema mbele yao.

Halafu kuna mbio. Amri ya kumwondoa mtu ikishatoka, wakili hukimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio, au amri ya kuwalazimisha wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Katiba katika Kifungu cha 25 inasema haki hiyo ya pili haiwezi kupunguzwa. Saa chache zikipotea, mtu yuko ng'ambo na zuio ni karatasi tu.

Nguvu ya matayarisho tuliiona mwaka 2013. Desemba 2012 serikali ilikuwa imetangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Lakini Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walishikwa, wengi wakawekwa uwanja wa Kasarani, na mawakili walipata shida kuwafikia. Wasomali wengi walirudishwa Mogadishu kwa ndege. Hukumu njema ya mwaka uliotangulia haikumfaa mtu ambaye hakuna wakili aliyemwona.

Hata Marekani yenye mawakili tele hali si tofauti. Huko serikali haimlipii wakili mgeni anayetakiwa kufukuzwa. Uchunguzi uliotolewa New York mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya wageni 100 waliokuwa nje na wenye wakili, 74 walishinda. Kati ya 100 waliofungwa bila wakili, walishinda 3 tu. Jaji Robert Katzmann, aliyesukuma uchunguzi huo, aliona dawa ni kuwafunza vijana. Mwaka 2014 likaanzishwa shirika la Immigrant Justice Corps, ambalo huchukua mawakili wachanga, kuwafunza na kuwapa wazee wa kazi wa kuwaongoza.

Na wakili husaidiwaje?

Wakili wa kujitolea ana kodi ya ofisi kama sisi tulivyo na kodi ya nyumba. Kesi ya bure humla nauli, kopi na siku nzima ya kungoja kortini. Habari anazosikia humfuata hadi nyumbani. Wengi huacha baada ya kesi mbili tatu. Hapa ndipo kikundi kinaingia, na si kwa pesa nyingi.

Sisi sasa tunaweka kopi za karatasi za kila mwanachama mgeni sandukuni, na tarehe ya kuisha imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu. Mtu akishikwa, wawili huenda kituoni siku hiyo hiyo kuuliza jina lilivyoandikwa, shtaka, nambari ya OB na korti atakayopelekwa. Hayo manne yakimfikia wakili mapema, amepunguziwa nusu ya kazi. Tunatafuta mtu anayejua lugha yake. Tunakaa kortini, hata kimya. Na ujumbe kwa aliye ndani ni mmoja: asikubali shtaka asilolielewa, aombe mkalimani na wakili, wala asiseme uongo.

Jihadharini na matapeli pia. Tuliwahi kumlipa bwana mmoja wa tai na mkoba aliyejiita wakili, akapotea na pesa za mzunguko. Wakili wa kweli ana cheti cha mwaka huo, na Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha ambayo mtu anaweza kuangalia kwa simu.

Kuna ndugu aliyetuuliza mkutanoni: mbona tuhangaikie wageni, na vijana wetu wenyewe wanashikwa kwa kukosa kipande na hawana wakili? Swali ni la haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja raia maskini na wakimbizi katika orodha moja, pamoja na watoto na watu wasio na uraia. Tangu tulipoanza kwenda kortini kwa ajili ya mama, vijana wawili wa Mowlem nao wamepata wakili yule yule, kwenye benchi lile lile. Na binti zetu walio Saudi Arabia na Lebanon wakifungiwa wangoje kurudishwa, tungependa jirani wa huko afanye nini?

Maswali ya kujadili kikundini

Ni nani kati yetu karatasi zake zinaisha mwaka huu, na kopi ziko wapi?

Korti iliyo karibu nasi ni ipi, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni ngapi? Itoke mfuko gani?

Mtu akishikwa Ijumaa usiku, nani atapiga simu Jumamosi asubuhi, na kwa nani? Andikeni majina mawili na nambari zao kabla hamjafunga mkutano.