Neno Moja, Njia Mbili
Jumanne

Soma Matendo 15:36–40. Paulo na Barnaba walihitilafiana kuhusu nini, na matokeo yake yalikuwa nini?

Suala halikuwa fundisho, bali kama Yohana Marko, aliyewaacha Pamfilia, achukuliwe tena. Luka hakupunguza makali ya ugomvi huo. Alitumia neno la Kiyunani *paroxysmos*, yaani kuchochewa vikali, nao wakatengana.

Neno hilohilo limo katika Waebrania 10:24, ila hapo waumini wanachocheana kupenda na kutenda mema. Basi maneno makali yana nguvu. Swali ni yanachochea nini. Baadaye Paulo mwenyewe alimhitaji Marko (2 Timotheo 4:11).

Katika mabishano ya mwisho uliyoshiriki kanisani, maneno yako yalichochea nini kwa ndugu yako? Utamwambia nini sasa?