Kikohozi cha Miaka Mingi: Kwa Nini Wengine Huishi Zaidi?

Ndugu msomaji, hebu pita Sombetini asubuhi na mapema, mwezi wa Julai. Ukungu umetanda, baridi ya Mlima Meru imeshuka mpaka mjini, na moshi unatoka karibu kila nyumba. Utasikia pia watu wanakohoa. Mtoto anakohoa wiki moja, anapona. Lakini yupo mama anayekohoa tangu mwaka juzi. Yupo na mzee ambaye hafiki kituo cha daladala bila kusimama mara tatu. Ukiwauliza wanajibu, "Ni uzee tu huu." Majirani nao wana yao. Huyu anasema pumu, yule anasema kifua kikuu, na mwingine anataja jina la mtu.

Katika somo letu la leo tutaangalia ugonjwa ambao madaktari wanauita ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mapafuni. Jina ni refu, tulisome polepole. Sugu maana yake hauponi ukaisha, mtu anaishi nao. Kuziba njia za hewa maana yake hewa inapita kwa taabu, hasa wakati wa kuitoa.

Ugonjwa huu si mdogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 uliua watu karibu milioni 3 na nusu. Wala usidhani ni wa wazungu wavuta sigara tu. Wenzetu wa Uganda walipima watu wa vijijini katika wilaya ya Masindi, wenye umri wa miaka 30 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Watu 16 katika kila 100 walikuwa nao. Wengi wao hawakuwa wazee, na karibu wote waliopimwa waliishi na moshi wa kuni.

Mapafu yako ni kama mti uliopinduliwa. Shina ni koo la hewa, matawi ni mirija, na majani ni vifuko vidogo sana vya hewa. Sisi wa huku tunaijua mifereji inayoshusha maji kutoka mlimani hadi mashambani. Mfereji ukijaa tope, maji hayafiki. Mirija ya mapafu nayo ikivimba na kujaa makohozi, hewa haipiti vizuri. Vifuko navyo ni kama mpira. Vikiunguzwa na moshi miaka mingi vinalegea na kupasuka, hewa chafu inabaki ndani. Ndiyo maana mgonjwa anasema kifua kimejaa, na huku anatafuta pumzi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wagonjwa hawa hawafanani, na kwa kuwa hawafanani, maisha yao nayo hayana urefu mmoja.

Yupo mwenye makohozi. Anakohoa na kutema karibu kila siku, miezi mitatu au zaidi kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. Kwake mirija ndiyo iliyoharibika. Yupo mwingine ambaye hakohoi sana, lakini anakonda na pumzi inakatika akipanda kilima kidogo tu. Kwake vifuko ndivyo vilivyokwisha. Mara nyingi huyu amevuta sigara miaka mingi. Yupo na yule mwenye pumu tangu utotoni, na juu ya pumu ameongezewa moshi. Huyu siku nyingine yu mzima, siku nyingine amebanwa. Dawa za pumu humsaidia zaidi kuliko wenzake, kwa hiyo ni muhimu amweleze mganga habari zote tangu akiwa mtoto.

Halafu yupo mama wa jikoni. Huyu tumtazame kwa makini, maana ndiye tuliye naye. Makande hayaivi kwa nusu saa. Loshoro nayo inataka moto wa muda mrefu. Huko juu Oldonyosambu na kwenye miteremko ya Meru baridi ni kali, mlango unafungwa, moto unawaka ndani saa nyingi, na mtoto yuko mgongoni. Mama huyo hajagusa sigara maisha yake yote, lakini kifua chake kinaumwa kama cha mvutaji. Madaktari wa Mexico waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka saba, wengine wa moshi wa kuni, wengine wa sigara, na mwaka 2006 wakatoa matokeo. Walipolinganisha wagonjwa ambao ugonjwa wao umefika hatua moja, waliona kwamba kuni na sigara havikutofautiana katika kupunguza maisha. Mwenye kuni mirija yake huharibika zaidi, vifuko kidogo. Lakini hakuishi zaidi kwa sababu tu hakuvuta sigara.

Wa mwisho ni yule aliyepona kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, kule upande wa Kilimanjaro, inatibu kifua kikuu tangu mwaka 1926, na wengi wetu tuna ndugu aliyepita pale. Dawa zinaua vijidudu kabisa. Lakini kovu linabaki mapafuni, kama linavyobaki kwenye ngozi baada ya kuungua. Mtu kama huyo anaweza kukohoa miaka kumi baadaye bila kuwa na kijidudu hata kimoja. Hapa sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Jirani yetu mmoja alianza tena kukohoa, nasi tukasema, "Kimerudi kile." Watu wakamtengea kikombe chake, watoto wakakatazwa kuingia kwake. Alipopimwa makohozi hakukutwa na kitu. Kikombe kilikuwa kimeshatengwa. Kwa hiyo usihukumu kabla ya kipimo. Vilevile usikae nyumbani ukisema ni kovu tu, maana kifua kikuu kinaweza kurudi kweli. Kukohoa kwa wiki mbili au zaidi ni lazima kupima, na katika vituo vya serikali matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi. Vijana waliochimba tanzanite Mirerani wawe macho zaidi, maana vumbi la mawe lenyewe linatia kovu mapafuni, na linamrahisishia kifua kikuu kuingia.

Basi, nani huishi zaidi? Mwaka 2004 madaktari wa nchi mbalimbali walionyesha kwamba haitoshi kupima pumzi peke yake kwa mashine ya kupuliza, ile spairometa. Walitazama mambo manne kwa pamoja: pumzi yenyewe, uzito wa mwili, namna mtu anavyohema katika shughuli za kawaida, na umbali anaotembea kwa dakika 6. Aliyekonda sana, anayehema akivaa nguo tu, na asiyeweza kutembea mbali, huyo yu hatarini. Mambo matatu kati ya hayo manne hata sisi nyumbani tunaweza kuyaona. Sketi inayohitaji kamba kiunoni ni habari ya kumpelekea mganga. Na mtu anayezidiwa mara kwa mara, mara mbili au zaidi kwa mwaka, hatari yake ni kubwa, kwa sababu kila anapozidiwa anaweza kupoteza nguvu ambazo hazirudi zote.

Moyo nao usisahauliwe. Wako wagonjwa wanene, wenye kisukari na shinikizo la damu, ambao pumzi yao si mbaya sana lakini wanakufa kwa moyo. Miguu ikivimba, semeni hospitali.

Dawa ya kwanza ni kuacha moshi. Mwenye sigara aache leo, hata kama ana miaka 60. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, lakini mwendo wa kuharibika unapungua. Kwa mama, kuni ziwe kavu, jiko liwe na bomba la kutolea moshi nje, maharage na mahindi yalowekwe usiku ili yaive upesi. Gesi ni bora kama mfuko unaruhusu, na tunajua mara nyingi hauruhusu. Lakini mkaa usiwashe ndani mkafunga mlango. Hewa ya mkaa inaua watu usingizini.

Dawa ya kuvuta mdomoni watu wanaiogopa. Wanasema ukishashika bomba ndiyo mwisho wako. Sivyo. Wengi wanaanza wakiwa wamechelewa, ndipo bomba linalaumiwa.

Mazoezi pia yanasaidia, ingawa mgonjwa anaona ni ajabu kuambiwa atembee. Huko Kampala, katika hospitali ya Mulago, watu waliobaki na makovu ya kifua kikuu walifanya mazoezi kwa wiki sita, wakaweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Oksijeni ni kwa wale ambao damu yao imepungukiwa sana, si kwa kila anayehema. Madaktari wa Uingereza walitoa hesabu hii mwaka 1981. Wagonjwa 42 wa namna hiyo walipewa oksijeni nyumbani saa 15 kila siku, na wengine 45 hawakupewa. Baada ya miaka 5, katika wale 42 walikufa 19. Katika wale 45 walikufa 30. Kwetu mashine hizo ni ghali na umeme unakatika, lakini ni vema kujua kwamba zipo, uweze kuuliza.

Usingoje kesho endapo mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja, ulimi au ndani ya midomo imekuwa rangi ya zambarau, au anasinzia na kuchanganyikiwa. Hapo ni kutafuta gari.

Maswali ya kujadiliana:
Nyumbani kwenu ni nani anayekaa na moshi saa nyingi zaidi, na moshi huo unatokea wapi?
Katika aina za wagonjwa tulizosoma, mnamfahamu nani, na je, amewahi kupimwa?
Tafuteni kutoka hesabu ya mwaka 1981: walibaki hai wangapi kila upande?