Dondoo muhimu: Kusafisha kompyuta ya nyumbani kwa programu za bure

Kabla ya kupakua chochote, tumia kilichomo tayari. Kwenye Windows 10 au 11 ingia Settings, System, kisha Storage, ufute mafaili ya muda. Hakikisha Downloads haina tiki, maana humo ndimo wengi huhifadhi risiti na vyeti vyao. Kwa kompyuta nyingi za nyumbani hiyo inatosha kabisa.

Ukitaka zaidi, pakua programu kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Tangazo linaloibuka ghafla likidai kompyuta yako ina mamia ya hitilafu lifunge tu. Unaposakinisha, soma kila hatua na uondoe tiki kwenye programu za ziada.

Hata chanzo halali kinaweza kuingiliwa. Agosti 2017 wadukuzi walipandikiza programu hasidi ndani ya toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, nalo likasambazwa na watengenezaji wenyewe bila kujua. Watumiaji zaidi ya milioni 2 walikuwa wamelisakinisha kabla ya jambo hilo kutangazwa Septemba. Kwa hiyo usizime kamwe kinga ya virusi, hata programu ikikuomba.

Rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, usiiguse. Kuisafisha hakuongezi kasi ya maana, na Microsoft haiungi mkono programu za kazi hiyo; ikifutwa sehemu isiyostahili, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Na kabla ya kusafisha chochote, nakili kwanza picha na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.