Vidokezo 6 vya Kuelewa Komiti na Matawi ya Git

Linus Torvalds aliandika Git mwaka 2005 ili kusimamia msimbo wa Linux. Leo wengi wetu tunakariri amri zake kikasuku. Elewa mambo mawili tu, komiti na tawi, na amri nyingi zitajieleza zenyewe.

1. Komiti ni picha ya mradi mzima. Faili ambayo hukuigusa hainakiliwi upya, inarejelewa tu. Komiti hubeba pia jina lako, saa, ujumbe, na namba ya komiti mzazi. Namba hizo za wazazi ndizo zinazounda historia.

2. Tawi ni lebo tu. Chungulia ndani ya `.git/refs/heads/main`. Kwa kawaida utakuta herufi na tarakimu 40, basi: namba ya komiti ya mwisho ya tawi hilo. Ndiyo maana kufungua tawi jipya ni kufumba na kufumbua, hata mradi uwe mkubwa vipi.

3. Jua ulipo kabla ya kukomiti. Lebo ya tawi ulilosimama ndiyo inayosogea mbele, nyingine hazitikisiki. Andika `git status`, usome mstari wa kwanza.

4. Kazi moja, tawi moja. Unarekebisha risiti? `git switch -c risiti-mbili`. Ukimaliza, liunganishe mapema. Tawi likikaa wiki kadhaa huku wenzako wanaendelea kubadilisha faili zilezile, jiandae kwa migongano.

5. Ujumbe useme kitu. “Marekebisho” haimsaidii mtu. “Zuia risiti kutoka mara mbili mteja akirudia kubonyeza Lipa” inamsaidia yeyote atakayepekua `git log` mwakani, wewe ukiwemo.

6. Umefuta tawi? Tulia. `git branch -d` hukataa kufuta tawi lenye kazi ambayo haijaunganishwa, `-D` haiulizi. Hata hivyo kilichofutwa ni lebo, komiti bado zipo. Andika `git reflog` uone kumbukumbu ya komiti ulizopitia, tafuta namba ya komiti yako ya mwisho, kisha `git branch okoa` ikifuatiwa na namba hiyo. Usikawie tu: mpangilio wa kawaida huziachia komiti zisizo na tawi takriban siku 30 kwenye reflog. Na kazi ambayo hukuikomiti kabisa, reflog haiijui. Kwa hiyo komiti kwanza, majaribio baadaye.